Sufuria Isiyounguza Uji

Sufuria iliingia hospitalini kwa heshima kubwa kuliko mgonjwa. Mgonjwa, Osea, mwenye umri wa miaka minne, aliletwa kwa bodaboda, amebanwa kati ya dereva na mama yake Restuta, akitapikia koti la dereva njia nzima. Sufuria ililetwa kesho yake na Bibi Ruti, mama mzaa baba, ikiwa juu ya kichwa chake, imefunikwa kwa kitenge cha umoja wa akina mama wa kanisa. Walinzi wa getini, ambao kwa kawaida hawampishi mtu bila kumgombeza kwanza, walisogea pembeni kimya.

Sufuria ile ilikuwa na cheo. Iliundwa na Zebedayo, baba wa mgonjwa, ambaye kazi yake ilikuwa kumimina sufuria kule Sogea, Tunduma. Alinunua vyuma chakavu kutoka kwenye malori yaliyokwama katika foleni ya kuvuka kwenda Zambia: rejeta zilizotoboka, vichwa vya injini, vishikizo vya betri na chochote kilichokubali kuyeyuka. Aliviyeyusha pamoja, akamimina kwenye umbo la mchanga, akapata sufuria nene, nzito, yenye mng'ao wa kumfanya mwanamke asahau kuuliza bei. Sifa yake kuu ilijulikana kuanzia Ihanda mpaka ng'ambo, Nakonde: haiunguzi uji. Ungeweza kuinjika uji, ukaenda kwa jirani, mkagombana, mkapatana, ukarudi na kuukuta uji umetulia kama ulivyouacha.

Hii ya Bibi Ruti ilikuwa ya kwanza kabisa kutoka mikononi mwa Zebedayo. Alimpa mama yake badala ya maneno ya shukrani, ambayo wanaume wa ukoo ule hawana desturi ya kuyatoa.

Osea alikuwa ameshatibiwa minyoo, kisha malaria, kisha minyoo tena, kwa kuwa huenda ile ya kwanza haikusikia. Tumbo lilimsokota. Rangi ilimpotea. Maneno aliyokwisha kujifunza alianza kuyarudisha alikoyatoa, moja moja, mpaka akabaki na "mama", "uji" na "sitaki". Siku aliyokakamaa na kutoa povu, ndipo Restuta alipoacha kusikiliza ushauri wa majirani na kuita bodaboda.

Damu yake ilisafirishwa hadi Dar es Salaam, na kwa hiyo ikawa mtu wa kwanza katika familia kufika huko. Majibu yaliporudi, daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, aliwaita wote watatu kando ya kitanda.

"Mtoto ana madini ya risasi kwenye damu," alisema. "Haya yanayotumika kwenye betri za magari. Ni mengi sana. Yakiachwa yataharibu ubongo, au yatamuua."

"Mtoto hajala betri, daktari," alisema Bibi Ruti. "Mimi ndiye ninayemlisha."

"Sijasema umemlisha betri, bibi."

"Basi yameingiaje?"

"Hilo ndilo swali."

Daktari akaeleza kwamba dawa ipo, ingawa hapa nchini haipatikani kirahisi, na ameshaiagiza. Ikiingia mwilini inayashika yale madini kwenye damu, inayafunga, kisha mtoto anayakojoa. Lakini ina sharti. Mahali yanapotoka lazima pajulikane na pazibwe, kwa maana kumpa mtoto dawa huku madini yanaendelea kuingia ni kuteka maji kwenye mtumbwi uliotoboka. Tena ni vibaya kuliko hivyo, alisema, maana dawa inaweza kuyasaidia mapya kuingia.

"Baba, wewe unafanya kazi gani?"

"Nayeyusha chuma chakavu," alisema Zebedayo.

Daktari akamtazama kama mwalimu wa zamu aliyemkuta mwanafunzi na kiberiti. Akamkabidhi kwa Nesi Fauzia kwa maswali zaidi.

Nesi Fauzia alikuwa mwanamke wa Tanga aliyeletwa Songwe na uhamisho, na baridi ya huku hakuisamehe. Alivaa sweta juu ya sare mwaka mzima. Aliuliza maswali yake kwa utaratibu. Karakana iko wapi? Iko mbali na nyumba. Nguo za kazi zinafuliwa wapi? Nyumbani. Zisifuliwe nyumbani tena. Mtoto anacheza karakana? Hapana, moto ule atacheza nini. Nyumba ina rangi ya zamani inayobanduka? Nyumba haina rangi.

"Na chakula mnapikia nini?"

Restuta alifungua mdomo.

"Sufuria za kawaida," alisema Zebedayo. "Za dukani."

Restuta akaufunga mdomo. Mke wa watu hamuumbui mume wake mbele ya nesi, hasa nesi mwenye kalamu. Bibi Ruti naye alikuwa akimfuta Osea jasho wala hakusikia, au alisikia akadhani mwanawe anajishusha tu, kama fundi mwenye adabu anavyopaswa.

Zebedayo alijua? Alijua kama mtu anavyojua kuwa kuna nyoka katika paa la nyasi: hajamwona, ila kitanda amekisogeza. Lakini kule karakana masufuria makubwa ya jubilei ya kanisa yalikuwa yamesimama tayari, yamesuguliwa, yanangoja kuchukuliwa. Kila msiba kutoka Mpemba hadi Ihanda ulipikiwa katika sufuria zake. Ukimwambia nesi jambo hilo saa nne, saa sita linajulikana sokoni.

Kwa hiyo akafanya yale mengine yote kwa bidii ya kutisha. Nguo za kazi alizichoma. Alikuja wodini ameoga kwa sabuni ya unga, ngozi imempauka, ananuka usafi kiasi kwamba Osea alimwambia, "Sitaki."

Walipobaki wawili nje, karibu na bomba, Restuta alisema, "Za dukani?"

"Ulitaka niseme nini?"

"Ukweli."

"Ukweli upi? Wewe umekula humo tangu nikuoe. Mama amekula humo. Mimi nimekula humo. Nani amekakamaa?"

"Sisi ni wakubwa, baba Osea."

"Basi acha. Wameshasema ni nguo. Nguo nimechoma."

"Hawajasema ni nguo. Wameuliza nguo."

Zebedayo akafungua bomba, akanawa mikono ambayo tayari ilikuwa safi kupita kiasi.

Hospitali ile, kama nyingi, ilimpa mgonjwa kitanda, dawa na maelekezo. Chakula kilikuwa juu ya ndugu zake. Nyuma ya wodi palikuwa na banda la mabati ambamo ndugu wa wagonjwa walipika, na manesi hawakuwahi kufika huko kwa sababu ya moshi. Ndani ya banda hilo sufuria ya Bibi Ruti ilitawala.

Wengine walikuwa na vyungu, vikopo, na visufuria vilivyobonyea kama vimepigana. Bibi Ruti alifunua kitenge, banda likanyamaza. Alipika uji wa ulezi akaukamulia ndimu, maana Osea aliupenda mchachu, na uji haukuungua. Mwanamke mmoja kutoka Ikinga, aliyekuwa na mtoto aliyevunjika mguu, alikitazama kitako cha sufuria kwa muda mrefu.

"Bibi, hii umenunua wapi?"

"Hii hainunuliwi. Hii nimeizaa mimi," alisema Bibi Ruti. "Aliyeitengeneza nimemnyonyesha."

"Niazime basi nikimaliza kuosha vyombo."

"Chukua, mama. Usitumie mchanga kusugua."

Akaazima wa Ikinga, akaazima na mwingine, na jioni Bibi Ruti alimpigia mwanawe simu kwa sauti ya kusikika banda zima: "Zebedayo! Huku wanazitaka mbili! Mmoja anatoka Ibaba huko, anasema utampa kwa gari la viazi!" Upande wa pili kulikuwa kimya. Bibi alidhani ni mtandao.

Dawa ilifika. Vilikuwa vidonge vya kufungua katikati, na ndani mlikuwa na unga mweupe unaonuka kama mayai yaliyosahauliwa na kuku. Harufu ilipita pazia, ikafika kitanda cha tatu, na mzee aliyekuwa pale akimuuguza mtoto wake akauliza nani amekosa adabu.

"Ni dawa, baba," alisema Nesi Fauzia. "Ndivyo inavyonuka. Haijaharibika. Mama Osea, hawezi kumeza kidonge, kwa hiyo unafungua, unamwaga kwenye kijiko cha chakula anachokipenda, anakula chote."

"Anapenda uji wa bibi yake," alisema Restuta.

"Safi kabisa. Mpe kwenye uji."

Kwa hiyo unga wa kutoa risasi ulichanganywa katika uji wa Bibi Ruti, mchachu wa ndimu, kutoka katika sufuria ya Zebedayo, na kijiko kimoja kikabeba dawa na ugonjwa kwa pamoja, kama abiria wawili wasiofahamiana waliokalia siti moja. Osea alikunja uso, akameza. Bibi akapiga makofi. Asubuhi, mchana na jioni, akapiga makofi.

Damu ikatolewa tena, ikasafiri tena, majibu yakarudi tena.

Daktari alikuja na Nesi Fauzia. Zebedayo alikuwa Tunduma. Kitandani walikuwepo Restuta na Bibi Ruti. Usiku uliotangulia Osea alikuwa amekakamaa mara nyingine, na sasa alilala macho nusu wazi.

"Hayajashuka," alisema daktari. "Yamepanda."

"Labda dawa imeoza," alisema Bibi Ruti. "Mimi nilisema tangu mwanzo. Kitu kinanuka vile."

"Dawa ni nzima, bibi. Dawa inatoa. Kuna kitu kinaingiza kila siku, humu humu hospitalini, na kinaingiza kwa kasi kuliko tunavyotoa." Alimgeukia Restuta. "Mama, kama hatukijui mpaka kesho, nitaisimamisha. Siwezi kuendelea. Ninaweza kuwa ninamuumiza. Na sijui kama nitaipata tena."

"Ukiisimamisha?"

Daktari alimtazama mtoto, na hilo lilikuwa jibu.

Bibi Ruti hakupenda mazungumzo yale. Aliona yanamkatisha mgonjwa hamu ya kula. Akachukua chupa ya uji, akafungua kifuniko, mvuke wa ndimu ukapanda. "Osea. Mume wangu. Kaa, ule."

"Uji," alisema Osea.

Restuta alinyanyuka. Aliichukua chupa mikononi mwa mama mkwe wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipoolewa, akatembea nayo hadi kwenye sinki la kona na kuimimina yote. Uji ulikuwa mzito, ulishuka polepole. Wodi nzima ilitazama.

"Mama Osea," alisema Bibi Ruti. "Unamwaga uji wangu?"

"Nisamehe, mama."

"Unamwaga uji wangu mbele za watu?"

"Nisamehe."

"Nimekosa nini? Nesi, wewe ni shahidi. Nimekosa nini mimi?" Na bibi yule, aliyezika mume na watoto wawili bila kelele, akaketi sakafuni akalia kwa sauti kwa ajili ya uji.

Nesi Fauzia alikuwa akiangalia sinki, kisha Restuta. "Kuna nini kwenye uji?"

"Subiri kidogo, nesi," alisema Restuta, akatoka nje na simu.

"Baba Osea."

"Naam. Vipi?"

"Nimemwaga uji wa mama. Analia."

"Umemwaga kwa nini?"

"Unajua kwa nini." Alisikia kule upande wa pili honi za malori. "Dawa wanaisimamisha kesho. Njoo useme wewe. Usipokuja mpaka jioni, nitasema mimi."

"Restuta, sikiliza..."

"Nimesikiliza tangu siku ile ya nesi," alisema, akakata.

Karibu na mpaka kulikuwa na duka la vyombo la Amri, mtu wa Kondoa, aliyeuza sufuria za kiwandani. Uadui wake na Zebedayo ulikuwa wa miaka mingi na uliwafurahisha wote wawili. Zebedayo akipita husema kwa sauti, "Sufuria za Amri, ukisonga ugali mwiko unatokea chini!" Naye Amri hujibu kutoka ndani, "Za kwako mtu hununua moja maisha yake yote! Utakufa fukara kwa ubora, fundi!" Wateja wa Nakonde, waliokuwa hawaelewi kila neno, walicheka kwa kufuata sauti.

Siku ile Zebedayo hakupita. Aliingia.

"Eeh!" alisema Amri. "Leo umekuja kunitukana ndani kabisa?"

"Nataka sufuria."

Amri akacheka. Akangoja Zebedayo naye acheke. Alipoona hacheki, akasawazisha kofia yake.

"Ya kupikia?"

"Ya uji wa mtoto. Ile ya stili."

"Osea bado yuko hospitali?"

"Bado."

"Mwenyezi Mungu ampe afya." Amri akaishusha sufuria ya stili kutoka kwenye misumari, akaifuta kwa kiwiko. Zebedayo akaigonga kwa kifundo cha kidole, kwa mazoea, akasikiliza. Ililia kama kopo la maziwa.

"Usiigonge, fundi, utaitia aibu."

Zebedayo akatoa hela bila kuuliza ipunguzwe, jambo lililomuumiza Amri kuliko matusi yote ya nyuma. Mfanyabiashara yule akainama chini ya meza akatoka na mfuko mweusi. "Tia humu," alisema kwa sauti ndogo. "Huu hauonyeshi."

Zebedayo aliutazama mfuko. Ulikuwa mfuko mzuri, mkubwa, ungetosha.

"Hapana," alisema. "Niache nayo hivi hivi."

Akatoka nayo mkononi, ameishika sikio moja, inang'aa juani, akashika kando ya barabara kuu. Wapakiaji walimwona. Wabadili fedha walimwona. Mama muuza chapati alimwita mwenzake aje aone. "Fundi Zebedayo kanunua sufuria! Kwa Amri! Mbona dunia imegeuka?" Akina mama wawili wa Nakonde, waliobeba vichwani sufuria zake mwenyewe walizonunua asubuhi ile, walisimama kumtazama. Mmoja akashangaa kwa lugha yake, "Mayo!" Zebedayo akawasimamisha, akawaambia wairudishe mizigo yao karakana, atawarudishia kwacha zao. Walidhani amelewa.

Mbele ya ghala la mahindi aliketi Mzee Andongwisye, mzee wa kanisa na mkuu wa kamati ya jubilei. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Fundi. Nimeona sawasawa?"

"Umeona, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa wewe ukinunua kwa Amri, sisi tununue wapi?" Mzee alicheka kidogo. "Kesho tunatuma gari lichukue zile za kanisa."

"Msitume."

"Hazijakamilika?"

"Zimekamilika. Msipikie."

"Tusipikie kwa nini, na jubilei ni Jumapili?"

Zebedayo alihamisha sufuria mkono mwingine. "Mzee, wajukuu zako wanakula kwako?"

"Wote. Nitawapeleka wapi?"

"Wanakula kwenye sufuria yangu?"

"Ile kubwa. Unaijua."

"Basi nayo msiipikie tena. Wapimwe damu." Akaishika sufuria kwa mikono miwili. "Sumu ya Osea imetoka humo."

Mzee Andongwisye alivua miwani tena. Hata baraka hakutoa, na alikuwa mtu wa kutoa baraka kwa wapita njia. Zebedayo akaendelea hadi stendi, na ndani ya gari akaipakata sufuria magotini, mdomo juu.

Nesi Fauzia alikuwa mlangoni mwa wodi. Alimtazama Zebedayo, akaitazama sufuria, ambayo bado ilikuwa na kikaratasi cha bei.

"Hii ndiyo ya dukani?" aliuliza.

"Hii ndiyo."

"Na ile nyingine?"

"Iko bandani."

Nesi akavuta sweta lake, akatembea kwenda kwenye banda la moshi, mara yake ya kwanza tangu aajiriwe. Sufuria ilikuwa motoni. Mwanamke wa Ikinga alikuwa anapikia maharage na nyanya, na uchachu, wa nyanya au wa ndimu, ndio unaoivuta risasi kutoka kwenye sufuria. Mtoto wa mguu aliandikiwa kupimwa damu siku ile ile, pamoja na watoto wengine waliokula humo, nao mama zao walimtazama Bibi Ruti kwa namna ambayo haikuhitaji maneno, ingawa na maneno yalikuwepo.

Zebedayo alijaribu kuivunja sufuria yake kwa nyundo ya fundi wa hospitali. Haikuvunjika. Ilikuwa kazi nzuri. Ikabidi aitoboe kwa msumari wa moto, tundu baada ya tundu, huku mama yake amesimama pembeni.

"Ulipokuwa unanipa," alisema Bibi Ruti, "ulikuwa unajua?"

"Hapana, mama."

"Na nesi alipouliza?"

Zebedayo aliendelea kutoboa. Bibi aliondoka bila kungoja tundu la mwisho.

Jubilei ilifanyika kwa sufuria za kuazima na wali ulikuwa mbichi katikati. Karakana ya Sogea ilifungwa. Amri alisema hadharani kwamba siku zote alijua; faraghani alikosa mtu wa kutukanana naye na duka likawa baridi. Dawa haikusimamishwa. Damu iliposafiri tena ilirudi na habari kwamba yameshuka. Daktari alisema bado ni mengi, alisema mengine yamejificha kwenye mifupa na yatachukua muda mrefu kutoka, alisema kilichokwisha kuharibika hawezi kuahidi kwamba kitapona. Hakuna aliyepiga makofi.

Bibi Ruti alirudi bandani. Kwa siku kadhaa alikuwa anapika peke yake kwenye kona, hakuna aliyeazima chochote kwake. Sufuria ya stili ilikuwa nyepesi, ilimdharau. Aliinjika uji, akageuka kuchochea kuni, na alipogeuka tena uji ulikuwa umeshika chini na harufu imetanda banda zima. Katika maisha yake hakuwahi kuunguza uji. Hakuwa na ulezi mwingine. Akaukamulia ndimu, akaupeleka wodini hivyo hivyo, kichwa chini, harufu ikimtangulia.

Restuta alifungua kidonge, akamwaga unga kwenye kijiko, akachota. Zebedayo alikuwa amesimama dirishani. Osea alikula kijiko cha kwanza, akakizungusha mdomoni, akakunja uso. Wote watatu walingoja "sitaki".

"Umeungua," alisema Osea.

Neno lile hawakuwa wamelisikia kutoka kwake tangu kabla ya masika. Restuta aliuma midomo yake. Bibi Ruti akavuta ncha ya kitenge usoni.

"Umeungua, mume wangu," alisema. "Kula."

Akala.